Mama yuko darasani, mtoto anashikwa na nani?

Asubuhi moja mjini Bunia, katika kituo kimoja cha kufundisha kushona, nilikuta akina mama kumi na wawili kwenye mashine na watoto wanne chini ya meza. Mmoja alikuwa anachezea uzi, mwingine amelala juu ya vipande vya kitenge, si mbali na pasi ya makaa. Mwalimu aliniambia bila kuzunguka: mama mwenye mtoto anayeanza kutembea mara nyingi hamalizi. Si kwamba hana akili. Mtoto akipata homa, mama anabaki nyumbani. Juma moja linapita, wenzake wamefika kwenye kukata shati, yeye bado yuko kwenye sketi. Mwishowe anaona haya kurudi.

Niliwauliza wale waliokuja mikono mitupu: mtoto mmemwacha na nani? Karibu wote walijibu, "Na dada yake." Dada mwenyewe ana miaka minane au tisa. Tangu Septemba 2019 serikali inasema shule ya msingi ni bure, kama Katiba inavyotaka katika kipengele cha 43. Lakini binti huyo hayuko shuleni. Amebeba mdogo wake mgongoni ili mama ajifunze kazi. Tunamfundisha mama kwa kumtoa binti darasani, kisha tunashangaa kwa nini wasichana hawamalizi darasa la sita.

Wengine watasema: nyanya yuko wapi? Mama aliyekimbia Djugu na kulala kambini mara nyingi amemwacha nyanya kijijini, au amemzika.

Sheria ya kazi ya 2002 inamkumbuka mama mfanyakazi: majuma 14 ya likizo ya uzazi, na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Ni vizuri, ila lazima uwe na kontra. Anayejifunza kusoma na kuandika jioni, au kutengeneza sabuni, hana kitu. Shule ya maternele nayo inapokea watoto kuanzia miaka mitatu, wazazi wanalipa, na saa sita mtoto amekwisha kurudi nyumbani. Mtoto wa mwaka mmoja hana pa kwenda.

Hata chuo kikuu ni vilevile. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa anatoka katikati ya somo kwenda kunyonyesha nyuma ya jengo. Siku moja profesa akamwambia achague. Alichagua mtoto, na hatukumwona tena.

Najua jibu litakalokuja. Serikali haijamaliza kulipa walimu wote wa msingi, na hapa Ituri tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Vita inakula pesa. Ni kweli. Lakini siombi jumba lenye rangi ukutani. Naomba chumba kimoja kwa kila kituo, mikeka, maji safi, choo, na akina mama wawili wanaolipwa kila mwisho wa mwezi. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, inaishi kwa michango ambayo waajiri wanatoa kulingana na mishahara. Pesa hiyo ni ya kufundisha watu kazi. Kumshikia mama mtoto ili afundishwe ni sehemu ya kazi hiyohiyo.

Na wafadhili wasijifiche nyuma ya serikali. Wanaleta mashine za kushona, wanagawa cheti, wanapiga picha. Wizara ya Mambo ya Kijamii, inayosimamia vituo vya kusomesha watu wazima, ingeweza kuwaambia: mradi usio na mahali pa watoto haupiti. Bunge linafungua kikao cha bajeti kila tarehe 15 Septemba. Wabunge wetu wa Ituri waulize huko Kinshasa ni franga ngapi zimewekwa kwa jambo hili.

Kituo kile cha Bunia hakikungoja. Kimepanga zamu: kila mwanafunzi anabaki na watoto uani siku moja kwa juma, na pasi imehamishwa karibu na dirisha. Watoto hawaungui tena. Ila kati ya siku tano za mafunzo, kila mama anapata nne.