Ngano Isiyopatana na Mwili
Ni kweli kwamba katika maradhi ya siliaki zile chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi T, zilizoumbwa kuuhami mwili, huidhania gluteni ya ngano kuwa hasimu, hasa kwa aliyerithi jeni za HLA-DQ2 au DQ8, zikachochea uvimbe hata vinyweleo vya utumbo mwembamba, vinavyofyonza chakula, vikasinyaa. Lakini sisi wa mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ambao mpunga umestawi kwetu tangu zama za Waungwana, yaani Waswahili wa Nyangwe na Kasongo, tunaweza, alhamdulillahi, kumlisha mgonjwa wali kwa sombe, au ugali wa muhogo, pasipo taabu. Balaa limo katika mkate na mandazi ya asubuhi. Walakini anayeshukiwa kuwa na maradhi haya asiviache kabla ya kupimwa damu, kwani kingamwili zinazopimwa hupungua na kipimo kikamghilibu tabibu.