Mawazo Mengi Huumiza Ubongo

Mtu akikaa kimya siku nyingi, hapati usingizi, hataki kula, na shamba lake limejaa magugu, tunasema nini? Wengine husema ni mvivu. Wengine husema amerogwa. Mimi nasema tunakosea. Huenda mtu huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake umo katika ubongo.

Ubongo una seli nyingi sana. Seli hizo hupelekeana habari. Kitu kimoja kinachopeleka habari hizo ni hewa iitwayo naitriki oksidi. Mwili huitengeneza wenyewe. Hewa hiyo hiyo hulegeza mishipa ili damu ipite vizuri. Mwaka 1998 wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi yake katika moyo na mishipa ya damu.

Hewa hii ni kama chumvi katika mboga. Kidogo inafaa. Ikizidi inaharibu. Wataalamu waliwatia panya mashaka kwa siku nyingi. Waliona kuwa hewa hii iliongezeka katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Panya wakawa wanyonge. Walipopewa dawa ya kuipunguza, unyonge nao ulipungua. Binadamu si panya. Lakini tunajifunza kwamba mashaka ya muda mrefu hugusa ubongo wenyewe.

Wengine watasema, "Wazee wetu walivumilia." Ni kweli, mashaka ya siku moja au mbili hupita. Lakini yakidumu wiki mbili, kila siku, kuvumilia peke yake hakutoshi.

Basi tufanye nini? Tusimcheke mwenzetu. Tumtembelee na kumsikiliza. Tumsaidie palizi. Nawe ukilemewa, mwambie mtu unayemwamini. Usikimbilie pombe, kwa maana pombe ikiisha kichwani mashaka yanarudi. Hali ikiendelea, nenda zahanati ukamweleze mganga. Mtu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja.

Mtu akivunjika mguu hatumwambii ajikaze atembee. Tunambeba. Ubongo nao ni kiungo cha mwili. Ukiumia, mwenye nao anahitaji kubebwa vile vile.