Krosova isiyofaa huwaibia wanafunzi maneno

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka. Lau wangaliishi katika enzi hizi za spika na amplifaya, yamkini wangaliongeza kwamba hata kabla ya kupasuka, ngoma hiyo huwa imekwisha kuyameza maneno ya mwimbaji.

Nasema haya kwa sababu ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe. Nilialikwa katika shule moja ya upili niwe mwamuzi wa mashindano ya kukariri mashairi. Ukumbi ulijaa wanafunzi na wazazi, na kila upande wa jukwaa palisimama sanduku la spika lililotikisa madirisha. Akapanda msichana mmoja wa kidato cha pili. Nilimsikia akituhimiza tumheshimu 'kula mtu', kisha akaisifu 'samani' ya elimu. Nikampunguzia alama za matamshi pasipo kusita. Baadaye nilimkuta uani akilirudia shairi lile mbele ya wenzake. Alitamka 'kila' na 'thamani' kwa ufasaha ambao baadhi yetu wahadhiri tungeuonea wivu. Aliyekosa hakuwa yeye, bali mimi na lile sanduku.

Nilimwomba mwalimu wa fizikia tulifungue. Ndani mlikuwa na spika za gari zilizonunuliwa kwa bei nafuu, zimeunganishwa na krosova iliyong'olewa katika mtambo wa nyumbani. Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina.

Hebu tueleze. Sikio zima la binadamu husikia sauti zenye mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde, na kipimo cha mitetemo hiyo huitwa hezi. Ni vigumu kwa spika moja kuzitoa zote vyema. Kwa hiyo kazi hugawanywa: spika pana, ambayo mafundi huiita wufa, hutoa sauti nzito za besi, spika ndogo, iitwayo twita, hutoa sauti nyembamba. Krosova ni bawabu asimamaye katikati na kuamua sauti ipi ipite mlango upi. Katika krosova sahili kabisa, koili huzuia sauti nyembamba zisiingie kwenye wufa, na kapasita huzuia sauti nzito zisiingie kwenye twita.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bawabu huyu hafanyi kazi peke yake. Mpaka anaouweka hutegemea pia ukinzani wa spika, yaani kiasi ambacho spika huuzuia mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa omu. Spika nyingi za gari ni za omu 4, ilhali nyingi za nyumbani ni za omu 8. Tuchukue krosova sahili iliyoundwa kwa ajili ya spika za omu 8, igawanye sauti penye hezi 3,000. Kapasita yake itakuwa ya mikrofaradi 6.6 hivi, na koili yake ya milihenri 0.42. Ukiifunga kwenye spika za omu 4, mpaka mmoja huwa miwili: wufa huanza kunyamaza penye hezi 1,500, nayo twita haishiki kazi barabara hadi hezi 6,000. Katikati pana pengo. Sauti zilizomo humo hazizimiki kabisa, kwa maana krosova hukata kwa mteremko wala haikati kama kisu, bali hufifia. Katika ukumbi wenye mwangwi na minong'ono, kufifia huko kunatosha kuharibu mambo.

Je, ni sauti zipi zinazoangukia pengoni? Hapa naingia katika uwanja wangu. Irabu i na u hufanana sana katika mitetemo yao ya chini. Kinachozitenganisha hasa ni kilele cha pili cha nguvu ya sauti, ambacho kwa u huwa karibu na hezi 1,000 au chini yake, na kwa i hupanda kupita 2,000. Kilele hicho kikififia, 'kila' huelekea kuwa 'kula'. Konsonanti sh na s nazo huishi kwa mkwaruzo wa juu: ule wa sh huanzia hezi 2,000 na kuendelea, na wa s hupanda juu zaidi, kupita 4,000. Ama f na th, hizo ni dhaifu hata katika hali njema. Ndiyo maana simu za waya, zilizopitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, zilitulazimisha kufafanua herufi moja moja tulipotaja majina, kwani f na s zilisikika kama mapacha.

Kinyume cha kosa hili pia ni hasara. Krosova ya spika za omu 4 ikifungwa kwenye spika za omu 8, twita huanza kazi penye hezi 1,500 badala ya 3,000, ikabebeshwa mzigo isioumbiwa. Mtambo ukifunguliwa kwa nguvu, twita hupata joto na kuungua. Besi hubaki ikivuma, na watu husema mtambo 'unalia vizuri', kumbe nusu ya usemi imekwisha kufa. Aidha, amplifaya iliyoundwa kwa omu 8 ikifungwa kwenye spika za omu 4 hudaiwa mkondo maradufu, nayo yaweza kuteketea. Fedha zinazoteketea ni za wazazi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi wa Luthuli Avenue, hayamhusu mwalimu wa Kiswahili. Sikubaliani nao. Abiria apendaye besi ya kutikisa kifua ndani ya matatu ana hiari yake, maadamu humo hamna mtihani. Shule ni mahali pa maneno. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 huwachezea rekodi ya ufahamu wa kusikiliza, nao huandika walichosikia. Mwanafunzi akiandika 'sumbua' badala ya 'fumbua', huambiwa hana makini, au lugha ya mama imemharibu. Nani aliyekwenda kuketi safu ya nyuma asikie alichosikia yeye?

Kasoro yetu ni kununua mitambo kwa kishindo chake. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule isome omu zilizoandikwa nyuma ya spika na ihakikishe kuwa krosova na amplifaya ni za kiasi hicho. Maandishi yakiwa yamefutika, mwalimu wa fizikia atumie mita: spika ya omu 8 kwa kawaida husoma 6 hivi, na ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3. Pili, muuzaji aeleze ni kuanzia hezi ngapi twita yake yaweza kufanya kazi salama, na mpaka wa krosova uwe juu ya hapo. Tatu, mtambo ujaribiwe kwa maneno, si kwa muziki. Mwalimu asimame jukwaani asome: thamani, samani, fumbua, sumbua, shaka, saka, kila, kula. Wanafunzi wa safu ya nyuma waandike. Wakikosea wote mahali pamoja, asiwalaumu wao.

Niliwaomba waandalizi wamrudishie msichana yule alama zake, lakini matokeo yalikuwa yamekwisha kutangazwa na mshindi kushangiliwa. Deni hilo ningali nalo. Kila mlango kwa ufunguwe, na kila spika kwa krosova yake. Tusipolizingatia hili, tutaendelea kuwahukumu watoto kwa makosa ya masanduku.