Nilimlaumu Bure Mlinzi wa Mlangoni

Hakuna askari aliyepata kushika zamu ya usiku langoni asiyeyajua matusi ya watu wenye haraka. Mkubwa aliye ndani ya gari humlaumu kwa kumchelewesha. Raia humwita mjeuri. Hata askari mwenziwe, waliyekula naye chakula cha jioni pamoja, hununa akiulizwa neno la siri. Mlinzi mwema huyavumilia yote hayo, kwani hakuwekwa pale ili apendwe. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao wenye matusi, ila mlinzi niliyemtukana hakuwa mtu. Alikuwa programu ya kompyuta.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ambamo barua zote, ratiba za mikutano na mafaili vilipitia katika programu moja nzito. Kila niliporudi kutoka kunywa chai niliikuta imejifunga, nayo yadai neno la siri. Faili nililotaka kulirekebisha iliniruhusu kulisoma tu. Jambo ambalo kwa simu ya mkononi lingekwisha kwa dakika moja, humo lilichukua robo saa. Nikasema mbele ya wenzangu kwamba aliyeitunga programu ile hakupata kufanya kazi ofisini hata siku moja.

Leo naandika kuikana kauli hiyo. Palitokea siku moja ugomvi juu ya idadi ya vifaa vilivyotolewa stoo. Ikaletwa karatasi yenye jina langu, na ndani yake tarakimu nisiyoijua. Kama hesabu zile zingekuwa zimepelekwa kwa simu, lingebaki neno langu dhidi ya neno la mwingine, na mdogo wa cheo ndiye angeumia. Lakini programu ilionyesha nani aliifungua orodha, saa ngapi, na nani aliibadili. Tena ikaonyesha kwamba mimi sikuwa na uwezo wa kuibadili hata kama ningetaka. Kizuizi nilicholalamikia kila siku ndicho kilichoniokoa.

Tangu hapo nikaanza kuuliza asili ya programu za namna hii. Mashuhuri kati ya zile za kwanza ni Lotus Notes, iliyotungwa na Ray Ozzie na wenzake, ikatoka mwaka 1989. Kampuni ya IBM iliinunua Lotus mwaka 1995 kwa dola bilioni 3.5, na mwaka 2019 Notes ikapita mikononi mwa HCL ya India. Watu wengi duniani waliilaani. Kitufe cha F5, ambacho katika programu nyingine huleta habari mpya, katika Notes kwa miaka mingi kilifunga mlango papo hapo mpaka mwenyewe atoe neno lake la siri.

Hata hivyo, tazama mpango wake. Iligawa ruhusa katika daraja saba, tangu asiyeruhusiwa kuingia hata msimamizi mkuu. Imo daraja ya mtu awezaye kutia karatasi ndani asiweze kusoma zilizomo, mfano wa sanduku la malalamiko. Barua iliweza kutiwa saini isiyoghushika kwa urahisi, na kuandikwa kwa fumbo. Tena, mtu aliye mbali na mawasiliano aliweza kufanya kazi na nakala yake, na siku laini ikipatikana nakala zote zikalinganishwa. Askari aliyekaa kituo cha mpakani ataitambua faida hiyo bila kuhubiriwa.

Sasa tazama upande wa pili, wa wepesi usio na mlinzi. Mwezi wa Mei mwaka 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kwa barua pepe yenye maneno ya mapenzi. Mtu alipofungua kiambatisho chake, kirusi kilijituma chenyewe kwa watu wote waliomo katika kitabu cha anwani cha Outlook. Hata bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake. Mwezi wa Januari mwaka 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha njia ambazo askari hukimbia ndani ya kambi, hata katika Afghanistan na Syria. Hapakuwa na jasusi aliyeruka ukuta. Askari wenyewe walivaa saa zilizoandika kila hatua.

Lakini nisije nikatoka katika kosa moja nikaangukia jingine. Kizito si lazima kiwe salama, na mlinzi naye yafaa akaguliwe. Toleo la Notes lililouzwa nje ya Marekani lilitumia ufunguo wa biti 64, lakini biti 24 kati ya hizo zilifichwa kwa namna ambayo shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliweza kuzifungua, likabakiwa na kazi ya kuvunja biti 40 tu. Jambo hilo lilitangazwa hadharani mwaka 1996, lakini wengi huko Uswidi, wabunge wakiwamo, hawakulijua mpaka mwaka 1997 magazeti yao yalipolieleza. Serikali inunuayo kufuli haina budi kuuliza nani mwingine anao ufunguo.

Basi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, naona ni wajibu wetu kutenganisha mambo mawili. Usumbufu unaotokana na uzembe wa fundi, au mashine iliyochakaa, uripotiwe kwa mkubwa bila woga, kwani kazi ikikwama watu hutafuta vichochoro. Lakini usumbufu unaolinda siri na ukweli uvumiliwe, kama unavyovumiliwa ule wa kuandika kila jambo katika kitabu cha matukio cha kituo. Amri isipelekwe kwa simu ya mtu binafsi kwa kuwa programu ya ofisi inachosha. Picha ya ushahidi isizungushwe kwa marafiki kabla haijaingizwa katika jalada. Neno la siri asipewe mwenzio, hata akiwa ndugu. Siku akikosea, kosa litasomeka kwa jina lako.

Kesi inaweza kuanguka mahakamani kwa karatasi moja isiyojulikana nani aliigusa, na doria inaweza kuvamiwa kwa ujumbe mmoja uliopita njia isiyolindwa. Nilipokuwa nikinuna mbele ya kompyuta iliyojifunga, sikuyafikiri hayo. Sasa nikiulizwa neno langu la siri hulitoa, nikaendelea na kazi.