Kila Mmoja Amkemee wa Kwake

Jumamosi iliyopita jioni, huku kwetu Mbagala, vipaza sauti vilifungwa uwanja wa mpira na mhubiri mgeni akapanda jukwaani. Saa nzima hakuhubiri dini yake. Alikichambua kitabu cha dini nyingine, akawakejeli wale ambao waumini wa dini hiyo wanawaheshimu, akawaita majirani zetu majina nisiyothubutu kuyaandika. Watoto walikaa mbele kabisa, wanapiga makofi. Vijana walirekodi kwa simu, na usiku haujaingia sana maneno yale yalishaenea kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima.

Wapo watakaotaka kujua alikuwa wa dini gani. Sitasema. Anayeuliza hivyo anataka kwanza ajue kama akasirike au anyamaze, na ugonjwa wetu uko hapo hapo.

Mhubiri mwenyewe alipewa nauli akaenda zake. Walioniuma ni waliokaa viti vya mbele: wazee wa nyumba ya ibada iliyomwalika, watu ninaowafahamu, waliozikana miaka yote na hao waliokuwa wanatukanwa. Hakunyanyuka hata mmoja kumwambia fundi azime mitambo. Jumapili ikaja ikapita, Ijumaa nayo ikapita. Mimbarini kimya, madhabahuni kimya.

Chanzo cha matusi haya tunakijua: vijana hawana kazi, siasa inatafuta kura, na wapo wanaokula kwa ugomvi wa wengine. Hayo yamesemwa mpaka yamechuja.

Lakini Mbagala si mahali pa kujifanya hatujui mambo haya yanaishia wapi. Oktoba 2012, hapa hapa, ubishi wa watoto wawili kuhusu msahafu ulimfanya mmoja wao aukojolee. Umati ukaenda polisi kumtaka mtoto yule, na ulipomkosa ukageukia makanisa. Mwezi uliofuata, Zanzibar, Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, watu walifarakana juu ya nani achinje nyama ya buchani, na mchungaji akauawa. Tarehe 17 mwezi huo huo Padri Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar akienda kuongoza misa. Mei 5 bomu likarushwa Olasiti, Arusha, waumini wakiwa kwenye uzinduzi wa parokia yao. Matukio haya hayakutendwa na mkono mmoja. Ila yote yalitukuta tumeshazoea kusikia jirani akidhalilishwa hadharani, na masikio yetu hayakushtuka tena.

Viongozi wetu wa dini wana kamati za amani. Kwenye sherehe za kitaifa hukaa meza kuu, hupokezana dua, hupigwa picha wameshikana mikono. Ni jambo jema na lisiachwe. Lakini amani ya meza kuu haikufika uwanjani kwetu Jumamosi ile, na haitafika kwa matamko ya kulaani yanayotolewa damu ikishamwagika.

Kumlaani mtukanaji wa upande wa pili hakumgharimu mtu chochote, tena humpa yule sababu ya kurudi na matusi zaidi. Mtukanaji humsikiliza wa kwake. Mwislamu amkemee Mwislamu anayetukana Wakristo; Mkristo amkemee Mkristo anayetukana Waislamu; na akemewe pale pale, mbele ya wale wale waliompigia makofi. Uuite mhadhara, uuite mkutano wa injili, matusi ni matusi.

Jirani zetu Wakenya walitakiwa wafanye zaidi ya kukemea. Novemba 2014, kaskazini mwa Kenya, magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015, karibu na El Wak, walisimamisha basi jingine wakitaka abiria watengwe vile vile. Waislamu waliokuwemo walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, na Januari 2016 akafariki. Sisi Jumamosi ile hatukuelekezewa bunduki. Tunashindwa hata kuzima spika!

Basi tufanye nini? Kamati ya msikiti au baraza la wazee wa kanisa linaloalika mgeni limpe masharti kabla hajashika kipaza sauti, na akiyavunja ashushwe. Wewe uliyekuja kusikiliza, yakianza matusi, simama, mshike mwanao mkono, ondoka, na watu wakuone ukiondoka. Video ikikufikia, ifute. Usiisambaze hata kwa nia ya kuilaani. Imamu na mchungaji wa mtaa mmoja wawe na namba za simu za kila mmoja, na watoto wakigombana waende pamoja, wote wawili, wakapige hodi kwa wazazi kabla umati haujakusanyika. Walimu wa madrasa na wa shule ya Jumapili wawafundishe watoto kuheshimiana. Sheria ipo, Kanuni ya Adhabu inakataza kutukana dini ya mtu, na Serikali iitumie bila upendeleo. Lakini pingu za polisi humfanya mtukanaji shujaa, ilhali aibu ya kukemewa na wazee wake humnyamazisha.

Misibani bado hatujaharibika. Jirani akifa tunabeba jeneza pamoja, tunachimba kaburi pamoja, bila kuulizana dini. Tunaozikana hivyo tunawezaje kukaa kimya mwenzetu akitukanwa angali hai?

Mkutano mwingine umeshatangazwa kwa mwezi ujao, uwanja ule ule. Wazee wa viti vya mbele, muda mnao. Mwiteni mgeni wenu sasa, mwambieni kuwa hapa Mbagala atahubiri dini yake na kuishia hapo. Akikataa, mnyimeni jukwaa.