Mzee Akinyamaza, Tusiseme ni Uzee Tu

Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, uliwaacha wafugaji wengi wa Garissa, Wajir na Mandera mikono mitupu. Kwa mzee aliyeishi kwa ngamia wake, hasara hiyo si ya mali pekee, ni ya kazi na heshima pia. Akinyamaza, akikosa usingizi na kuanza kusahau, majirani husema ni uzee, au ni jini.

Huenda ni sonona, na sonona inatibika. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliitaja kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, pamoja na presha, kisukari na upweke. Wakati mwingine huwa ndiyo dalili ya kwanza kwamba ubongo umeanza kudhoofika. Bila kupimwa, hakuna atakayejua.

Sheria ya afya ya akili, iliyorekebishwa 2022, inazibebesha kaunti jukumu hili. Magavana wapeleke wahudumu wanaozungumza Kisomali hadi zahanati za mashinani. Kisomo na dua tuendelee navyo, lakini Mtume (SAW) alihimiza pia kutafuta tiba.