Nakala ya nakala: somo kutoka kwenye vipande vya shaba

Wandugu, kuna kauli moja tunaipenda sana tukitaka kumkatisha mtu tamaa: "Huyo anaiga tu." Kijana akiimba, anaiga. Akichora, anaiga. Akiandika, basi kaiba kwa wazungu. Leo nataka kubishana na kauli hiyo, na shahidi wangu ni kitu ambacho wengi wetu hatukukisikia shuleni: plaketi za shaba za Italia.

Ukitaja Renesansi, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu wa Ulaya, mtu atakutajia haraka Michelangelo na dari la kanisa la Sistine. Sawa, hatukatai. Lakini katika karne ya 15 na ya 16 mafundi wa Italia walikuwa pia wakisubu vipande vidogo vya shaba, vingi vinaenea kwenye kiganja, vyenye picha iliyochomoza upande mmoja tu. Hercules anamkaba simba. Apollo kasimama na kinubi. Vilipachikwa kwenye vidau vya wino, visanduku, majalada ya vitabu, kofia, hata kwenye mipini ya panga. Wengine walivikusanya tu, kwa raha ya kuvishika na kuvitazama.

Sasa jiulize, picha hizo zilitoka wapi? Nyingi ziliigwa! Matajiri kama Pietro Barbo, aliyekuwa Papa Paulo II mwaka 1464, na Lorenzo de' Medici wa Florence, walikuwa na uchu wa vito vya kale vya Wagiriki na Warumi vilivyochongwa picha ndogo ndogo. Fundi alichukua umbo la kito, akatengeneza kalibu, akamimina shaba. Basi kito kilichofungiwa kwenye sanduku la tajiri kikapata ndugu wengi mitaani, mikononi mwa watu ambao wasingeruhusiwa hata kukisogelea.

Mfano mzuri ni kito chekundu kilichopo leo kwenye makumbusho ya Naples. Kinamwonyesha Apollo kasimama, na Marsyas, aliyethubutu kushindana naye kwa muziki, kafungwa kwenye mti akingoja kuchunwa ngozi. Watu wa wakati ule waliamini kilikuwa muhuri wa Kaizari Nero. Miaka ya 1420 mchongaji Lorenzo Ghiberti alikitengenezea fremu ya dhahabu yenye maandishi ya jina la Nero. Baadaye plaketi zikasubiwa, picha ikasambaa, na Botticelli akaichora ikining'inia shingoni mwa mwanamke kwenye picha iliyopo Frankfurt. Ile fremu ya dhahabu imepotea. Lakini zipo plaketi zilizobeba maandishi yake, herufi kwa herufi. Umeona? Fremu ilikwenda na maji, nakala ndiyo ikatutunzia habari.

Nionavyo mimi, hapo peke yake hoja ya "anaiga tu" imeshaanza kuyumba. Lakini tusonge mbele.

Mwaka 1506 lilifukuliwa Roma sanamu la kale la Laocoön, kuhani wa Troya anayenyongwa na nyoka pamoja na wanawe. Fundi mmoja aliyejiita Moderno, ambaye wataalamu wengi wanasema ni sonara Galeazzo Mondella wa Verona, aliuchukua mwili ule unaojinyonganyonga kwa maumivu, akaufanya kuwa mwili wa Yesu anayepigwa mijeledi akiwa kafungwa kwenye nguzo. Kazi hiyo ni ya fedha na ipo Vienna. Je, ameiga? Ndiyo, waziwazi. Ameiba? Sidhani. Maumivu ya kuhani wa kipagani ameyapa maana ambayo yule mchongaji wa kale asingeiota. Huko si kuiga tu, ni kujibu.

Najua kuna atakayesema ninahalalisha uvivu. Hapana jamani. Plaketi zenyewe zina onyo ndani yake. Shaba ikipoa, hunywea. Ukitengeneza kalibu kutokana na plaketi badala ya kito au mfano wa kwanza wa nta, kipande kipya kitatoka kidogo zaidi, na alama ndogo ndogo zitaanza kufifia. Ukichukua umbo la hicho kipya, inapungua tena. Nywele zinakuwa bonge moja, vidole vinaungana, uso unabaki kama sabuni iliyotumika. Wataalamu wa makumbusho hupima vipande kwa uangalifu, na udogo pamoja na ufifi wa picha ni baadhi ya dalili zinazowaambia kwamba wameshika nakala ya nakala.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuizungumze. Sisi wa magazeti ugonjwa huu tunaujua vizuri: habari inanyofolewa kwenye gazeti lililoinyofoa kwenye gazeti jingine, na kila inapohama inapoteza jina, tarehe, na yule shahidi aliyesema kinyume. Mwisho msomaji anauziwa uso wa sabuni. Tatizo si kwamba mwandishi amechukua mahali. Tatizo ni kwamba hakurudi kwenye chanzo, na hakuongeza kitu chake.

Kwa hiyo msanii, mwandishi, mbunifu wa mavazi, iga! Ila nenda kwenye kito chenyewe. Kama unapenda taarabu, sikiliza sauti za wazee waliotangulia, usimsikilize tu aliyemwiga aliyewaiga. Kama unataka kujua Wagiriki walisema nini, wasome, usitegemee muhtasari wa muhtasari. Halafu fanya kama Moderno, kipe ulichochukua kazi mpya.

Kwa wenye hamu ya kuona, jumba la National Gallery of Art la Washington lina mamia ya plaketi hizi, na picha zake nyingi zipo bure kwenye intaneti. Huhitaji viza. Utakuwa unatazama picha ya nakala ya kito, ndiyo, na ndivyo vipande hivi vilivyokusudiwa tangu mwanzo: vimfikie aliye mbali. Ukishaviona, usiishie hapo, tafuta na kito kilichovizaa.

Nawasilisha. Wewe unaonaje: ulichokiiga mara ya mwisho, ulikitoa kwenye kito au kwenye nakala ya nakala?